Kidonda cha Mdomo

9 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Na Mama Mdogo mpe shikamoo yangu, hata kama hatajua imetoka kwa nani. Mpe tu. Mimi sijambo, ukiacha mafua yaliyoingia maabara na kutupitia mmoja mmoja kama mkaguzi wa tiketi. Baba ameniandikia kwamba goti limepona na sasa anatembea kwa madaha kama bwana harusi. Mdogo wangu wa mwisho amefaulu mtihani wa udereva, Mungu awalinde waenda kwa miguu.

Vipi tarumbeta? Mara ya mwisho ulisema shule fulani imekuletea vyombo vya bendi yake vimebondeka kama vilichezewa mpira. Natumaini umepata pa kuviweka, maana ile stoo yako naijua, mtu akitaka kugeuka lazima atoke nje kwanza.

Uliniuliza nifanyacho huku ni nini hasa, kwa kuwa majirani wanakuuliza na wewe unawajibu kwamba napima damu. Sipimi damu. Nakata ubongo. Usishtuke. Wapo watu ambao kabla hawajafa wanakubali ubongo wao uachiwe wachunguzi, na mimi ndiye ninayeukata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, nikavitia rangi, wakubwa wakavitazama kwa hadubini. Mwaka huu tunakata vya watu waliokufa na Alzaima, huo huo ugonjwa wa kusahau alionao Mama Mdogo. Ukishatia rangi, madoa yanajitokeza kama kuvu kwenye mkate.

Sasa sikia jambo. Juzi alikuja mtafiti kutuhutubia. Akasema kuna wachunguzi wanaoamini kwamba huenda vijidudu vina mkono katika ugonjwa huu. Maambukizi, Baba Mdogo! Wengine wanashuku bakteria wa fizi. Wengine wanashuku kirusi kile kinacholeta malengelenge ya homa mdomoni, kwamba kinajificha kwenye neva miaka na miaka, kisha mtu akizeeka kinapanda kichwani. Na yale madoa huenda ni ubongo wenyewe ulikuwa unajikinga. Nilibaki mdomo wazi. Siku zote nimeyaona madoa kama mwizi, kumbe huenda ndiye mlinzi! Nikasema hii lazima nimwandikie Baba Mdogo, yeye hupenda habari za kushangaza.

Nikipata likizo nitakuja. Kwa sasa kazi imetuzidi.

Mwanao,
Miwani


3 Machi

Miwani, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa kona moja lakini maneno yote yamo. Endelea kuniandikia hivyo hivyo, maana simu kwangu imekuwa mateso. Ule muda wote niliokaa mbele ya ngoma kubwa ya bendi umeniachia masikio ya mapambo. Mtu akinipigia namjibu "nzuri" kwa kila kitu, na juzi kumbe alikuwa ananipa habari ya msiba.

Goti la baba yako lilikuwa halina ugonjwa, lilikuwa linakwepa kulima. Mwambie nimesema.

Mama Mdogo anakula vizuri. Jana alikaa kwenye ujia, karibu na meza ya simu, akanyoosha mkono akasema, "Subiri, nakuunganisha," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiunganishia watu simu kituoni. Nikimwita Haloo bado anageuka. Hilo jina walimpa wenzake kazini na limekataa kumtoka. Mimi ndiye ninayemtoka. Kila asubuhi ananiuliza ni nani, namjibu, "Mapafu, mpiga tarumbeta." Ananiambia, "Mume wangu naye anapiga tarumbeta." Namwambia tunafahamiana.

Vyombo vya shule nimevinyoosha, limebaki trombone moja ambalo nadhani mtu alilikalia kwa makusudi.

Swali dogo. Hayo malengelenge uliyoyataja ni haya ya kawaida yanayotoka pembeni ya mdomo mtu akichoka au akipigwa jua? Yanayowasha kwanza, kisha yanapasuka na kufanya gamba? Na yanaambukizwaje? Nauliza tu. Kuna mwanabendi mwenzangu anayo.

Baba yako Mdogo,
Mapafu


28 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Habari ya Mama Mdogo kumwambia mumewe kwamba mumewe anapiga tarumbeta nimeisoma mara nyingi. Nikicheka, nalia. Nikilia, nacheka. Wenzangu wamenizoea.

Huku kumepoa. Mafua yamekwisha, sasa mashine ya kukatia ndiyo inayougua. Inakata kipande kimoja kizuri, kinachofuata kinakunjamana kama kola ya shati. Mkuu wetu anaipiga kofi ubavuni na inatii kwa muda.

Ndiyo, malengelenge ni hayo hayo. Kirusi kinapita kwa mate na kwa kugusana. Kubusiana, kuchangia kikombe, kijiko, hivyo hivyo. Kikishaingia mwilini hakitoki tena, kinalala kinaamka kinapotaka. Mwambie rafiki yako asibusu watu kidonda kikiwa wazi! Na asiazime mtu tarumbeta yake.

Likizo imesogezwa mbele tena. Nitakuambia.

Miwani


2 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa ngapi sijui sijapata neno lako. Nilidhani ni posta, nikangoja. Baba naye anasema hujamjibu. Jana nikampigia mama wa dukani, jirani yenu, nikamwomba habari. Akasema, "Wapo, ila mzee siku hizi hachangamki. Ananunua sabuni na dawa ya kuulia vijidudu kama anafungua hospitali. Na anakuja dukani amevaa barakoa. Nikimuuliza anaumwa nini, ananijibu nzuri."

Baba Mdogo, kuna nini hapo nyumbani? Niandikie hata mstari mmoja. Mama Mdogo ameugua? Wewe umeugua?

Miwani


20 Juni

Mwanangu Miwani,

Marahaba. Nisamehe kimya. Nilianza kukuandikia mara kadhaa nikachana.

Baba yako mwambie sijambo. Stoo imejaa vyombo na sijagusa hata kimoja.

Hakuna mwanabendi mwenzangu. Ni mimi.

Hayo malengelenge ninayo tangu sina ndevu. Tukipiga sherehe mfululizo, chuma cha tarumbeta kikanisugua na jua likanichoma, yananitoka hapa kona ya kushoto. Napaka mafuta, napiga hivyo hivyo, siku zinapita, yanaondoka. Nani angehesabu hicho kuwa ugonjwa? Narudi safari, Haloo ananifungulia mlango, na kabla sijaweka sanduku chini nimeshambusu. Wewe ulikaa kwetu tangu unaanza sekondari, uliona mwenyewe na ukafunika uso kwa daftari. Huyo ndiye mimi. Sikuwahi kufikiri mara mbili.

Mwanamke yule alikuwa na namba za simu za mji mzima kichwani. Mtu akiita anasema nitafutie fundi bomba wa karibu na soko, yeye hafungui kitabu. Na mimi nimezifuta namba hizo zote kwa mdomo wangu.

Ulipoandika kwamba ni kubusiana na kuchangia vikombe, nilikuwa nimesimama jikoni na kikombe chake mkononi, nimetoka kunywa chai aliyoibakiza. Nilikaa sakafuni.

Tangu siku hiyo nimehamia stoo. Nimeweka godoro katikati ya matarumbeta. Vyombo vyake navichemsha mbali na vyangu. Nikimlisha navaa glavu na barakoa, nisije nikamwongezea kingine. Yeye haelewi. Asubuhi anakuja mlangoni pa stoo anagonga, "Samahani bwana, mume wangu yumo humo?" Namjibu kupitia mlango kwamba hayumo. Anasema, "Akija mwambie namtafuta." Kisha nasikia kandambili zake zinarudi polepole. Masikio yangu hayasikii king'ora, lakini hizo kandambili nazisikia.

Usinijibu kwa huruma. Wewe ni mtu wa ubongo, nijibu kama mtu wa ubongo.

Kuhusu likizo yako sikuulizi.

Mapafu


5 Julai

Baba Mdogo,

Shikamoo. Leo sina salamu za mtu, nisamehe.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za maabara na nikashindwa kupanda wala kushuka. Mama Mdogo anagonga mlango anamtafuta mumewe, na mumewe yuko ndani anajibu hayumo! Na aliyeleta hayo yote ni mimi na domo langu, nilikuandikia habari ya utafiti kama mtu anayesimulia matokeo ya mpira.

Umetaka nijibu kama mtu wa ubongo. Haya.

Kwanza, hakuna aliyethibitisha. Wameona kwamba kirusi hicho na ugonjwa huu mara nyingine vinaonekana pamoja. Kuonekana pamoja si kusababishana. Wapo wanaopinga kabisa, na wanabishana mpaka wanafungiana milango. Wapo waliojaribu kuwapa wagonjwa dawa ya kirusi hicho, na mpaka leo hakuna la kushika.

Pili, kirusi hicho kiko kwa watu wazima wengi sana, na wengi wao walikipata utotoni, kwa busu la bibi, la shangazi, kwa kijiko cha jirani. Wengi hawatokwi hata na lengelenge moja maisha yao yote. Alama zake zimekutwa katika ubongo wa watu waliokufa na akili zao timamu. Kama kingekuwa kinaleta Alzaima peke yake, dunia nzima ingekuwa imesahau jina lake.

Tatu, Alzaima haipiti kutoka kwa mtu mpaka kwa mtu kama mafua. Kumlisha hakumpi. Kulala naye kitanda kimoja hakumpi. Hakuna daktari duniani anayeweza kukuambia ulimpa, kwa sababu hakuna anayejua.

Vua glavu, Baba Mdogo. Vua barakoa. Rudi chumbani. Nakuomba.

Miwani


24 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii namkabidhi dereva wa basi aje nayo moja kwa moja, posta haifai.

Maelezo yako nimeyasoma. Umeandika "huenda" na "hakuna anayejua" kila mahali. Asiyejua hawezi kuniambia si mimi. Nimebaki stoo.

Lakini siandiki kwa ajili ya hayo. Haloo ameharibika ghafla. Wiki iliyopita alikuwa anatembea, anaunganisha simu zake, anakula. Sasa amekuwa mtu mwingine. Anapiga kelele kwamba maji yanaingia ndani, anavuta mapazia mpaka ameng'oa fimbo inayoyashika ukutani. Nikimsogelea na kijiko ananisukuma na kuniita mwizi. Kisha analala mchana kutwa, ukimtikisa anafungua macho na hayuko humo. Jana nilimwita Haloo na hakugeuka. Ndiyo mara ya kwanza.

Nadhani kirusi kimeshapanda chote kichwani. Sitaki kumburuta hospitali wamchome sindano za bure, nataka akae kwake. Mwambie baba yako na ndugu wengine wajiandae. Na wewe jiandae.

Nimeandika haya bila kutetemeka, sijui kwa nini.

Mapafu


26 Julai

Baba Mdogo,

Dereva amenikuta kazini. Nimeshampigia mama wa dukani nikamwambia afunge duka, aje akupigie kelele sikioni, atafute gari. Barua hii ni ya kukuthibitishia kwamba mama huyo hakunisikia vibaya.

Ugonjwa wa Mama Mdogo hauendi hivyo. Unatambaa. Haurukii mtu. Mzee aliyebadilika ndani ya siku chache, akaanza kuona visivyokuwepo, ana kitu kingine juu ya ule. Mkojo mchafu, kifua, jino lililooza, kukosa maji. Maambukizi ya kawaida kabisa, yanayotibika, yanaweza kumvuruga hivyo hata bila homa kubwa. Apimwe mkojo. Apimwe leo. Usimuage mtu aliye hai!

Hukuniuliza kuhusu likizo, najijibu mwenyewe. Likizo haijasogezwa na mtu. Ninayo tangu mwaka jana. Mama Mdogo alinisuka kila Jumapili kwenye ile baraza, akinivuta kichwa na kunikatalia kulia. Nakata ubongo wa watu kila siku na mkono wangu hautikisiki, ila nikifikiria yeye ananitazama mlangoni na kuniuliza mimi nani, natoka nje kupumua.

Mpeleke, Baba Mdogo.

Miwani


22 Agosti

Mwanangu Miwani,

Marahaba, marahaba nyingi. Yuko hai. Nimeanza na hilo, salamu zitafuata. Baba yako alikuja akakaa nasi siku kadhaa, akala kama amefungiwa, akaondoka na suruali yangu nzuri. Mama wa dukani anakusalimu, anasema siku nyingine ukimwagiza akafokee mtu mumpe na kipaza sauti.

Sasa kaa chini nikusimulie, maana mimi mwenyewe sijapata akili zangu zote.

Mama wa dukani aliingia bila hodi. Sikusikia alichosema, nilimwona tu anambeba Haloo upande mmoja na mwenye teksi upande wa pili, nikawafuata na viatu visivyofanana. Hospitali tulipokewa na daktari, mwanamke mdogo kama wewe. Alimbonyeza Haloo tumboni chini, Haloo akapiga ukelele mpaka mimi niliusikia. Wakapima mkojo. Daktari akarudi ananiandikia kwenye karatasi kubwa, kwa kuwa alishaona masikio yangu: maambukizi ya njia ya mkojo, makali, na mwili umekauka.

Akaniuliza, "Hanywi maji?"

Nikasema, "Anakataa. Kila nikimpa anageuza uso."

"Anayempa ni nani?"

"Mimi mwenyewe."

Akanitazama. Nilikuwa na barakoa usoni, glavu mpaka kwenye viwiko, zile za kuoshea vyombo. Akasema kwa sauti ya juu, polepole, "Ukiwa umevaa hivyo, mzee?"

Miwani, ndipo nilipoona. Nilikuwa namkinga na kijidudu kimoja, na kwa kumkinga huko nilimfanya aogope kikombe, akakauka, kingine kikapata nafasi. Mtu asiyekumbuka uso wa mumewe, mimi nikamfichia na huo uso kidogo uliobaki. Nilivua glavu palepale nikaziacha kwenye benchi. Nilichukua kikombe cha maji nikamsogezea kwa mkono mtupu. Akanusa vidole vyangu, vina harufu ya dawa ya kusugulia shaba, unaijua, haitoki hata nikikaa miezi bila kugusa chombo. Akanywa chote.

Wakamweka dripu, wakampa dawa za kuua bakteria. Zikapita siku za homa. Halafu homa ikashuka, maji yakaacha kuingia ndani, mwizi akaacha kuja. Alasiri moja nimekaa kando ya kitanda, amefumbua macho, ametulia. Nikamtazama mdomo. Kona ya kulia, malengelenge. Mbegu mbegu, mabichi, yamejaa maji.

Nikajua ndiyo hayo, ushahidi ameutoa mwenyewe mbele yangu. Nikasema, "Haloo, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuambukiza."

Akapandisha mkono haraka akafunika mdomo. Kisha akageuka upande wa ukuta. Nikasikia anasema kitu, nikazunguka kitanda nimwone midomo. Akasema, "Usinitazame. Yatakauka."

"Ni yangu hayo. Nimekupa mimi."

"Wewe?" Akanitazama, Miwani, akanitazama mimi, si mpiga tarumbeta mwingine. "Nani kakwambia ni wewe? Haya ninayo tangu naanza shule. Mama alikuwa ananipaka majivu."

Akaendelea, ameshika shuka mpaka puani, "Yakinitoka nilikuwa nakukwepa. Nakugeuzia mgongo mpaka yapone. Tarumbeta ndiyo iliyokuwa inatulisha, Mapafu. Ungepata kidonda mdomoni ungepiga nini?"

Wewe uliishi kwetu. Unazikumbuka zile wiki Mama Mdogo alipokuwa amenuna? Anajitanda mtandio mpaka puani, hajibu, analala amegeukia ukuta, na mimi natembea kwa kunyata nikijiuliza nimekosa nini safari hii? Nilikuwa nakuuliza wewe, "Mama yako ana nini?" na wewe unapandisha mabega. Nikanunua maua. Nikaomba radhi kwa makosa ambayo sikuyajua, hata nikakiri mengine ambayo hakuwa na habari nayo, nikajiletea balaa bure. Maisha yangu yote ya ndoa nimejua kitu kimoja kwa hakika, kwamba nimeoa mwanamke mwenye kununa.

Nikamuuliza, "Zile wiki ulizokuwa ukininunia, Haloo?"

Akasema, "Sijawahi kukununia hata siku moja."

Nilikuwa nimesimama. Nikatafuta kiti.

Nikamwambia, "Lakini na mimi yananitoka. Tangu kijana."

Akasema, "Nayajua. Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani nimekupa mimi. Niliona aibu, nikanyamaza." Machozi yakamtoka, anasema, "Nilikuharibia mdomo wako."

Yaani miaka yote hiyo, mwanangu. Amelibeba hilo hilo nililolala nalo stoo miezi michache nikaona nakufa. Yeye akalibeba akaenda nalo kazini, akaunganisha watu simu, akarudi akapika, akanitazama nikipiga tarumbeta na kidonda, na hakusema. Nilimwondolea shuka usoni nikambusu palepale kwenye malengelenge. Akanisukuma, "Utaambukizwa!" Nikamwambia, nimechelewa. Akacheka, kile kicheko cha puani. Muuguzi alikuja kuona kuna nini, akakuta wazee wawili wanalia na kucheka, akafunga pazia akaenda zake.

Tuliongea mpaka jua likazama. Akakuulizia. Akasema, "Miwani bado analia akisukwa?" Nakuandikia kama alivyosema, sikuongeza neno.

Kesho yake alikuwa bado yuko, lakini mbali kidogo. Keshokutwa yake akaniuliza mimi ni nani. Daktari aliniambia nisidanganyike, kilichopona ni mkojo, ule ugonjwa mwingine uko palepale. Tumerudi nyumbani na hatembei kama zamani, anahitaji kushikwa. Nikimwita Haloo anageuka akitaka. Nimerudi chumbani. Tarumbeta nimeitoa kwenye sanduku, mdomo umekuwa mzito, natoa sauti kama mbuzi mwenye kikohozi, na yeye anaziba masikio.

Usinitafutie tena jibu la nani alimpa nani. Wakija kujua huko kwenu kama kijidudu hicho ndicho au sicho, waandikie wengine. Mimi nilikuwa na mke nisiyemjua, nimeonyeshwa alasiri moja, pazia likarudi. Bado nashtuka. Namtazama akila nashtuka upya.

Sasa wewe. Chukua likizo yako uje. Sikudanganyi, siku ile moja imepita na hatakujua. Utasimama mlangoni, atakuuliza wewe ni nani, na itakuchoma kama ilivyonichoma mimi, hakuna dawa yake. Mjibu. Halafu sogeza kiti karibu naye, mpe kichwa chako, na utulie. Mikono yake haijasahau. Jana amenisuka mimi, nywele zenyewe hizi chache, na nilipolalamika alinipiga kichwani kwa kitana akaniambia nisilie.

Baba yako Mdogo,
Mapafu